Gunia Halijui Kona

Niliondoka Kaliua asubuhi moja bila mpango wowote. Niliyemuaga ni mama peke yake, na yeye nilimwambia naenda kutazama treni. Treni niliitazama kweli, kisha nikaipanda.

Shule nilikuwa nimeiacha nikiwa darasa la tano. Mwalimu alikuwa akitueleza jinsi injini inavyofanya kazi, nikamuuliza kama amewahi kuifungua moja akaona ndani, akanichapa. Nikaona kwamba jibu liko nje ya darasa, na tangu hapo nimekuwa nikilitafuta barabarani. Mpanda nilishuka, nikapakua mizigo stesheni kwa muda, halafu lori la chumvi likahitaji mtu asiyelala, wa kukaa juu ya magunia yasiibiwe. Sikuuliza linakwenda wapi. Nililala.

Niliamshwa na baridi. Ninyi mliozaliwa Sumbawanga hamjui baridi ya mwezi wa sita inavyomshtua mtu mwenye shati moja. Lori lilikuwa limesimama mtaa wa Kizwite, mbele ya gereji ya mabati yaliyochakaa. Springi ya nyuma ilikuwa imekatika, na chini yake mzee mfupi alilala chali akizungumza na ile springi kwa Kifipa, kwa sauti ya mtu anayembembeleza ng'ombe akubali kukamuliwa.

"Shikamoo, fundi," nilisema.

"Marahaba. Wewe wa wapi?"

"Kaliua. Mnyamwezi."

Akatoka chini ya lori, akanitazama toka miguuni hadi kichwani. "Kumbe mtani! Ingia ndani upesi. Ukifia mlangoni kwangu kwa baridi msiba utakuwa wangu, na mwaka huu sina mbuzi."

Huyo ndiye Fundi Melkiori, na ndivyo nilivyoajiriwa. Lori lilipona likaenda zake. Mimi nilibaki kutazama chuma kikinyooka.

Vijana wa gereji mmenitaka niandike habari za kazi sasa kwa kuwa nimewaachia miwani ya kuchomelea. Vyeo sina vya kueleza, maana gerejini vyeo ni viwili tu: anayeshika taa na anayeshikiwa. Nilishika taa muda mrefu. Siku ya kwanza Fundi Melkiori alinipa mlango wa gari uliobonyea, nyundo ya mpira, na kipande cha reli cha kuegemeza nyuma ya bati, akaniambia ninyooshe. Nikapiga katikati ya bonde. Bonde likawa mabonde.

"Umeongeza vijiji," alisema. "Bati lililobonyea linashikwa na kingo zake. Anza pembeni, lilegeze, katikati patarudi penyewe. Na kabla ya kupiga, pitisha kiganja. Jicho linadanganywa na rangi, kiganja hakidanganyiki."

Hadi leo nikiona gari zuri napitisha kiganja kabla ya kulisifu. Wenye magari hawapendi.

Sikutulia, hilo mnalijua. Nilitoroka kwenda Tunduma kuona mpaka, nikatoroka kwenda Kasanga kuona meli, nikakaa Mpui msimu mzima kwa sababu tu palikuwa na mashine ya kusaga yenye mlio nisioufahamu. Kila niliporudi Fundi Melkiori alininyooshea nyundo kama mtu aliyekuwa ameenda msalani. Sijawahi kupewa heshima kubwa kuliko hiyo.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Zamani mahindi ya Ufipa yalikuwa na mnunuzi mmoja na foleni moja. Ghafla kila mwenye mizani akawa mnunuzi. Pikapu za mitumba zikaanza kuingia, nyingine zina maandishi ya Kijapani ubavuni ambayo hatukuyafuta kwa kuogopa kufuta baraka. Zikawa zinabeba mahindi na ulezi toka vijijini, na samaki toka bonde la Ziwa Rukwa. Aliyefika sokoni kwanza aliuza vizuri, kwa hiyo madereva wakaanza kushindana njiani, na watu wakaanza kusimama kando kuwashangilia. Ilipofika mahali kuku na mbuzi wanakwisha barabarani, wenye magari wakakubaliana: anayetaka kujua nani ana mbio, aje uwandani mwezi wa nane, mavuno yakishaingia ghalani.

Uwanda wenyewe uko nje ya mji, nyasi tupu. Magari yalikwenda moja kwa moja, yakazunguka tanuri la kale la udongo ambalo wazee wa Kifipa waliyeyushia chuma, wenyewe huliita ilungu, kisha yakarudi. Fundi Melkiori alikuwa akitikisa kichwa: "Babu zangu walitengeneza chuma pale. Wajukuu wanakiharibu palepale."

Hayakuwa magari ya mashindano. Zilikuwa pikapu zilezile za wiki nzima, zimefagiliwa punje za mahindi. Na hapo ndipo tabu ilipokuwa. Pikapu isiyo na mzigo ni nyepesi nyuma. Kwenye vumbi mkia unateleza, tairi zinazunguka bure. Dawa yake ikawa watu. Vijana wa mtaa walipanda nyuma wakasimama wameshikana mabega, uzito wao ukakandamiza tairi, gari likashika ardhi. Tuliwaita wazito. Kuwa mzito ilikuwa heshima. Kijana aliweza kukosa mchumba akasema si kitu, mradi Kizwite wamempa nafasi nyuma ya gari.

Gari la Kizwite liliitwa Usiniulize, la mtaa wa Izia liliitwa Subira. Usiniulize liliendeshwa na Deusi, mtu mpole aliyezaliwa Izia akaoa Kizwite, kwa hiyo pande zote mbili zilimhesabu msaliti. Kiongozi wa wazito wake alikuwa Masanja, Msukuma ambaye ukoo wake ulikuja na ng'ombe toka Shinyanga ukaweka boma pembezoni mwa Kizwite. Masanja alikuwa na filimbi na sauti. Gari lilipokaribia ilungu alipuliza, akaanzisha wimbo, na wazito wote wakalalia upande wa ndani wa kona kwa pamoja, kama nyasi zikipigwa na upepo. Ilikuwa nzuri kutazama. Sitasema uongo kwa kuwa ilikuwa ya hatari.

Mwaka mmoja filimbi ilichelewa kupulizwa. Gari liliegemea magurudumu ya upande mmoja, likawamwaga wazito, likarudi chini kwa magurudumu yote. Wengi waliamka wakijipangusa. Masanja hakuamka. Ukingo wa bodi ulikuwa umemshukia mguuni, ukauvunja mahali pawili. Tulimbeba juu ya mlango wa gari hadi hospitali, na njia nzima aliuliza kama tumeshinda.

Kesho yake Deusi alikuja gerejini, akakaa juu ya tairi, akaacha chai ipoe.

"Sipakii tena mtu nyuma," alisema mwishowe.

"Basi utateleza," nikamwambia.

"Nimemwambia mwenye gari. Kasema mwakani kama sitaki, usukani atampa shemeji yake."

Huyo shemeji tulimjua sote. Aliendesha kama mtu anayefukuzwa na nyuki.

"Atawapakia," Deusi aliendelea, "na watapanda, maana mashabiki hawataki kusikia kitu kingine. Safari hii ulikuwa mguu. Fundi, mimi nilisikia ule mguu. Ulisikika hadi kwenye usukani."

Fundi Melkiori akaweka kikombe chini. Deusi alitaka gari lenye uzito bila watu, na lenye kumlinda dereva likipinduka. Mimi tayari nilikuwa nimeona mabomba ya maji ya chuma yaliyolala nyuma ya gereji, nikanyanyuka kuchukua msumeno.

"Kaa," Fundi Melkiori aliniambia. "Unataka kukata nini? Gari ni la mwenye gari, lakini mbio ni za mashabiki. Ukilijenga wasilolitaka, watapanda juu ya hayo mabomba yako. Nenda kawaulize kwanza."

"Niwaulize nini?"

"Maoni. Si unapenda kuuliza? Leo nakutuma."

Sijawahi kutumwa kazi iliyonifaa kama ile. Nilianzia kwa Mama Gaudensia, aliyeuza pombe ya ulezi Kizwite na ndiye aliyekuwa akiwapikia wazito siku ya mbio. Nikawaeleza waliokuwapo: mabomba juu ya kichwa cha gari, mkanda wa kumfunga dereva, na magunia ya udongo badala ya watu.

"Yaani Usiniulize liwe tenga la kuku?" aliuliza mmoja.

"Tenga lenye jogoo mmoja," mwingine akadakia, wakacheka hadi pombe ikamwagika.

Kijana mmoja wa stendi alisema, "Mimi poa tu, fundi, ila mabomba yapakwe rangi, mshikaji. Lisije likafanana na mahabusu."

"Mwanaume anayeogopa kuanguka akachunge bata," alisema mzee aliyekaa pembeni, ambaye yeye mwenyewe hajawahi kupanda.

Mama Gaudensia alikuwa akikoroga tu. Nilipomuuliza yeye, aligonga mwiko ukingoni mwa chungu. "Gari lisilo na watu nyuma mimi nalishangilia la nini? Nitaimba jina la nani? Nitaimba gunia? Hilo ni jeneza lenye matairi, baba."

Izia niliwakuta nje ya kanisa baada ya misa, nguo safi, sura za toba. Nao walikuwa na hoja ya aina nyingine. "Sheria iwe moja," alisema katekista wao mstaafu. "Ninyi mkiweka mabomba nasi tukabaki wazi, mkishinda tutasema ni uzito wa mabomba, mkishindwa mtasema ni uzito wa mabomba. Ugomvi hautaisha hadi Krismasi." Mke wa mzito mmoja wa Subira, mtoto mgongoni, alinivuta kando. "Andika na yangu," alisema, ingawa sikuwa naandika. "Mimi mbio sizijui. Siku ile nakuja kuhesabu tu kama aliyepanda ndiye aliyeshuka."

Maneno yake niliondoka nayo kuliko yote. Lakini nilijua anayefuatwa si yeye. Wazito wa Kizwite walikuwa wanafuata filimbi, na mwenye filimbi alikuwa Masanja.

Nilimkuta bomani kwao, amekaa kwenye kigoda, mguu umenyooshwa juu ya kigogo, plasta imechorwa ng'ombe na watoto wa kaka yake. Nilimweleza mpango wote. Alisikiliza hadi mwisho, na huko nyuma ng'ombe walikuwa wanarudi toka malishoni.

"Uzito wangu utaupata kwenye gunia," alisema. "Nakubali. Hata zaidi yangu, maana hospitali chakula chao unakijua. Ila gunia halijui kona."

"Una maana gani?"

Akashika ukingo wa kigoda, akainamisha mwili mzima kushoto hadi nikadhani anaanguka na plasta yake. "Sisi kona ikija tunaiegemea. Uzito wetu tunaupeleka ndani. Gunia lako kona ikija litakwenda nje. Utamuua Deusi, halafu utasema ulikuwa unamwokoa."

"Unasema hivyo kwa kuwa unataka kupanda tena."

"Nataka kupanda, ndiyo. Na gunia halijui kona. Yote mawili ni kweli, Mnyamwezi."

Nilirudi nikidhani ni ukaidi. Mwenye gari akakubali tujaribu, tukasimika mabomba: mawili nyuma ya kiti, mawili mbele ya kioo, yamekutana juu ya kichwa cha dereva na kushikwa na chesisi yenyewe, maana ukichomelea kwenye bati tu, bati litang'oka na bomba lake. Mkanda tuliukata kwenye kamba pana ya kufungia turubai la lori. Nyuma tukapanga magunia ya udongo. Deusi akaenda uwandani kujaribu, mimi nikiwa nimesimama kwenye ilungu. Aliingia kona taratibu kabisa. Nikaona magunia yakiondoka upande wa ndani, moja, kisha yote, kama wageni waliosikia chakula kimeiva nyumba ya jirani. Mkia wa gari ukanijia. Niliruka nyuma ya tanuri la mababu wa Melkiori, na bodi ikapita ikalikwangua udongo.

Deusi alishuka amekauka midomo. Nami nikaenda kwa Masanja.

"Limejua?" aliuliza hata kabla sijamsalimia.

"Halikujua."

Hakunicheka. Alichukua fimbo ya kuchungia akachora bodi ya gari mavumbini. "Ng'ombe kwenye lori hawapangwi hivihivi. Unawagawa kwa miti, kila wawili na chumba chao, akiyumba mmoja asimsukume wa kumi. Na wakubwa unawaweka mbele ya gurudumu la nyuma, si mkiani."

Mnaona, vijana? Nilikwenda kuchukua maoni ya shabiki kwa adabu tu, nikarudi na mchoro. Tulikata mbao, tukaigawa bodi vyumba vifupi, gunia moja kila chumba, yamelala chini kabisa karibu na ekseli, kamba juu yake. Deusi alijaribu tena. Gari lilizunguka ilungu kama ng'ombe anayerudi zizini. Ile gereji haijawahi kushangilia kazi yake yenyewe kama siku ile.

Bado mashabiki. Siku tuliyolileta Usiniulize mtaani walilizunguka kimya, kama watu wanaotazama maiti ya mtu wasiyempenda. Mama Gaudensia akachungulia nyuma.

"Magunia ya nani haya?"

"Ya udongo tu, mama."

"Udongo wa wapi?"

"Wa nyuma ya gereji."

"Basi hizo ni mbio za nyuma ya gereji." Akaondoka.

Asubuhi yake alirudi na gunia kichwani, udongo wa uani kwake, mdomo umeshonwa kwa uzi mwekundu ili alitambue kwa mbali. Alilitua miguuni kwa Deusi. "Toa lako moja, weka langu. Mimi sijawahi kupanda gari hili kwa kuwa ni mwanamke. Mwaka huu napanda."

Habari ilizunguka mtaa kabla chungu chake hakijachemka. Wakaja na magunia ya udongo wa shambani, wa kwenye matuta, wa kaburi la babu, mengine yamepakwa majivu alama ya ukoo. Vyumba vilikuwa vichache kuliko watu, wakagombana, na mimi nikajua tumeshinda, kwa sababu watu hawagombanii nafasi kwenye jeneza. Izia nao waliposikia walileta Subira lifungwe mabomba, katekista akisimamia. Siku ya kupima tuligundua wameyalowesha magunia yao usiku kucha ili yawe mazito. "Ni umande," alisema katekista, na hakutazama mbinguni aliposema.

Chumba kimoja cha Usiniulize, kile cha kona ya nyuma upande wa ndani, kilibaki kitupu. Ndipo Masanja alipokuwa akisimama, na hakuna aliyethubutu kukiomba. Nilimtumia ujumbe. Hakujibu. Asubuhi ya mbio mkokoteni wa ng'ombe ulifika polepole, Masanja amekaa juu yake na magongo yake, na gunia moja pembeni yake. Lilikuwa limejazwa udongo wa zizini, samadi na vyote. Harufu ilitangulia mkokoteni.

"Ah, Masanja!" alilalamika Deusi. "Hili nitaendesha nalo?"

"Nisipopanda, basi uninuse," alijibu.

Mashabiki waliimba. Waliimba magunia! Mama Gaudensia aliimba uzi wake mwekundu. Magari yalianza pamoja, vumbi likayameza, yakatokea upande wa pili, Subira mbele kidogo. Masanja alikuwa kando yangu karibu na ilungu, filimbi mdomoni kwa mazoea. Usiniulize likaingia kona kwa ndani, zuri, limekaa chini. Magunia hayakusogea. Aliipuliza filimbi, na hapo hapo tairi la mbele likapasuka.

Gari lilijikunja, likapiga ubavu, likapinduka juu chini, likapinduka tena, likatulia magurudumu hewani. Vumbi lilisimama. Nikasikia tairi moja likizunguka.

Tulikimbia. Kichwa cha gari kilikuwa kimekaa juu ya mabomba, bati limekunjamana lakini mabomba yamesimama, na ndani yake Deusi alining'inia kwenye mkanda wa turubai kama popo, uso mwekundu kwa vumbi.

"Mnanitazama nini?" alipiga kelele. "Fungueni, damu yote inaniingia kichwani!"

Mama Gaudensia alianza kucheka na kulia kwa pamoja, na hakuna aliyemuuliza ni lipi kati ya hayo. Tulimtoa. Alikuwa na jeraha la kiwiko na aibu, basi. Dereva wa Subira aliposhuka, watu wa Izia hawakushangilia ushindi, wakaja kutusaidia kulisimamisha.

Ndipo tulipoona palipokuwa chini ya bodi. Ukingo wa chuma ulikuwa umeshuka juu ya vyumba vya nyuma ukavifunga. Magunia yalikuwa yamepasuka, yamebandikwa ardhini bapa kama chapati. Uzi mwekundu ulikuwapo. Wale vijana ambao mwaka uliopita walisimama pale wakishikana mabega walitazamana, kila mmoja akitafuta udongo wake.

Masanja alifika wa mwisho kwa magongo. Watu walimpisha. Hakuhitaji kuonyeshwa, harufu ilimwelekeza. Alisimama juu ya lile doa jeusi la samadi. Kisha akaweka gongo moja chini, akainama kwa tabu, akaanza kukusanya udongo kwa mkono. Mama Gaudensia alivua kanga yake ya begani akaitandika ili auweke humo.

"Fundi," Masanja aliniita bila kuinua kichwa.

"Naam."

"Gunia halijui kona."

"Ndiyo. Ulisema."

"Lakini limekaa mahali pangu."

Tangu siku ile hakuna mtu aliyepanda nyuma. Shemeji wa mwenye gari alitaka, na hakuna aliyempandia. Mashabiki waliendelea kugombana, maana shabiki asiyegombana ni mtazamaji tu: mabomba yawe ya rangi gani, udongo ulowekwe au usilowekwe, na kama gunia la mtu aliyehamia Izia lihesabiwe la Kizwite. Baadaye barabara zikawa nzuri, wenye magari wakageukia mabasi, na mbio zikaisha zenyewe bila mtu kuzizika. Lakini sisi tuliendelea na mabomba. Pikapu zinazoshusha abiria bondeni tulianza kuzifunga vyuma vya kushikilia na mbao za kugawa mizigo, ili magunia yasiwalalie watu kwenye mteremko. Kazi hiyo mmeirithi. Mkifunga, fungeni kwenye chesisi. Na kabla hamjakata, kaulizeni wanaopanda.

Fundi Melkiori tulimzika miaka mingi iliyopita. Kama mtani wake nilifanya utani wote unaotakiwa msibani, nikalala kaburini kwake nikadai mbuzi niliyenyimwa siku ya kwanza. Wanawe walicheka huku wanalia. Nyundo yake ya mpira iko pale kwenye msumari wa kwanza, ukiingia kushoto. Nawaomba msiiazime nje.

Kukabidhi miwani ilikuwa jioni. Asubuhi yake niliamka, nikakosa pa kwenda, na furaha ya Kaliua ikanirudia ile ile. Nikatembea hadi stendi, nikapanda pikapu ya kwanza iliyokuwa inajaa. Nilipitisha kiganja kwenye vyuma vya kushikilia, nikayatambua maungio niliyoyachomelea mimi, mengine si mazuri sana. Kondakta aliniuliza, "Unashukia wapi, mzee?" Nikamwambia, utakapoishia. Ukingo wa uwanda ulipofika gari likaanza kushuka, joto la bonde likatupanda usoni, magunia ya mahindi yametulia kwenye vyumba vyao. Liliishia Ilemba.

Sikuwa na mtu pale, nilivyodhani. Niliuliza dukani kama kuna nyumba ya wageni, mwenye duka akasema zimejaa, ila kuna mzee Msukuma huko mbele ana chumba cha uani, amehamia na ng'ombe wake zamani, anachechemea. Nilianza kutabasamu kabla sijafika.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, filimbi shingoni, kwa ajili ya ng'ombe sasa. Alinitazama nikija, akaniacha nifike karibu kabisa.

"Mnyamwezi, umepotea au umetoroka?"

"Natafuta pa kulala."

"Muda gani?"

"Sijui."

"Hilo ndilo jibu lako siku zote." Akanyanyuka kwa gongo, akanitangulia hadi chumba kidogo kilichoezekwa bati, kitanda cha kamba, dirisha linalotazama ukingo wa uwanda kule juu. Sakafu ilikuwa ya udongo uliokandikwa kwa samadi, laini, umeng'aa kwa miaka ya kufagiliwa.

"Tulipohama Kizwite niliubeba," alisema, akigusa sakafu kwa ncha ya gongo. "Ile kanga ya Gaudensia ilichakaa, udongo ukabaki. Nikaukandika humu. Niliona si vizuri kuumwaga, umenifanyia kazi." Akageuka kwenda kuniletea maji ya kunawa. "Karibu. Weka mzigo wako."

Nikavua viatu kwanza, nikaviacha nje, ndipo nikaingia.